Kabla ya Kununua Kompyuta Nyingine: Video za Mtandaoni na Mzigo wa Prosesa



Jambo tulilowaitia huonekana dogo, lakini limewatoa watu wengi fedha mifukoni pasipo sababu. Ni kompyuta inayoandika na kuchapa bila taabu, ila ikianza kuonyesha video ya mtandaoni, feni hunguruma, sehemu ya chini hupata joto, picha hukwamakwama na sauti hutangulia midomo ya msemaji. Mwenye kompyuta hudhani intaneti ni hafifu, akanunua kifurushi kikubwa zaidi. Picha huendelea kukwama. Ndipo humwendea fundi, na huko mara nyingi huambiwa moja kati ya mambo matatu: mashine imezeeka, ongeza RAM, au nunua nyingine.

Mzazi mmoja alitufikia akiwa na kompyuta ya mkononi ya binti yake, mwanafunzi wa kidato cha sita anayefuatilia masomo kwa vipindi vya video. Mama huyo alikuwa amekwisha kulipia RAM ya ziada, na hali haikubadilika hata kidogo. Tulikaa naye kwa muda wa kama nusu saa. Hapakuwa na kifaa chochote kilichoharibika. Wiki mbili kabla ya hapo kompyuta ile ilikuwa “imepigwa Windows” upya, kama mafundi wasemavyo, na aliyeifanya kazi hiyo hakurudisha kiendeshi cha kifaa cha michoro. Neno hilo tutalieleza mbele kidogo. Kwanza tuone video inavyofika kwenye kioo cha kompyuta, maana bila hilo ushauri wetu utakuwa wa kukariri tu.

Picha moja ya video ya kiwango kiitwacho 1080p ina vitone, yaani pikseli, zaidi ya milioni 2. Video ya kawaida huonyesha picha 30 kila sekunde, na nyingine 60. Kama kila kitone kingetumwa kamili, kwa baiti zake 3, dakika moja ya video ya picha 30 ingekula zaidi ya gigabaiti 10. Hakuna kifurushi kingestahimili. Kwa hiyo video hubanwa kabla ya kusafirishwa, kama linavyobanwa robota la mitumba na kufungwa kwa mikanda, na ikifika ni lazima ifunguliwe. Swali la mazungumzo yetu yote ni hili: anayelifungua robota hilo ni nani?

Ndani ya kompyuta nyingi, katika kifaa cha michoro, mna sehemu ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Ni kama mkasi wa kukatia mikanda ya robota. Hujua kazi moja tu, huifanya upesi, na hutumia umeme kidogo. Kivinjari kikiweza kuutumia mkasi huo, prosesa, ambayo ndiyo bongo la kompyuta, hubaki imetulia. Kisipoweza, prosesa hulazimika kufungua kila picha kwa hesabu zake yenyewe, mara 30 au 60 kila sekunde. Huko ni kufungua robota kwa vidole. Linafunguka, lakini mfunguaji hutoka jasho, na betri huisha mchana haujafika nusu.

Tena mkasi si wa aina moja. Mtindo wa kubana video uitwao H.264 ulitoka mwaka 2003, na karibu kila kompyuta ya mkononi iliyouzwa katika miaka kumi na zaidi iliyopita ina mkasi wake. Mwaka 2013 kampuni ya Google ilileta mtindo wa VP9. Mwaka 2018 ukatoka AV1, uliotayarishwa na muungano wa makampuni uitwao Alliance for Open Media. Mitindo hii miwili ina faida ya kweli, kwa kuwa kwa ubora ule ule wa picha hutumia data pungufu kuliko H.264. Lakini kompyuta iliyotengenezwa kabla ya mtindo kuenea haina mkasi wake, wala huwezi kuutia baadaye kwa kupakua programu. Kwa kompyuta zinazotegemea michoro ya Intel, mkasi kamili wa VP9 ulianza na prosesa za kizazi cha 7, na wa AV1 ulianza na kizazi cha 11, kilichotoka mwaka 2020. Kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika ng’ambo na kuletwa kuuzwa madukani kwetu zina umri mkubwa kuliko huo.

Hapa ndipo kiini cha taabu kilipo. Tovuti ya video ingependa kutuma mtindo mpya, kwa kuwa data ni gharama kwake pia. Kivinjari hukubali, kwa kuwa kinaweza kuufungua kwa nguvu ya prosesa mkasi usipokuwapo. Wote wawili hupatana, na mwenye kompyuta haulizwi.

Basi pimeni kabla ya kutoa fedha. Katika Windows 10 au 11, bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha kila programu na kiasi cha prosesa inachotumia. Chezeni video kwa dakika mbili hivi. Mzigo wa sekunde za mwanzo si hoja, kwani kila ukurasa huwa mzito unapofunguka. Halafu, katika dirisha hilo hilo, ingieni sehemu ya utendaji, mchague GPU, ambacho ndicho kifaa cha michoro, na mtazame mchoro ulioandikwa “Video Decode”. Mstari wake ukipanda wakati video inacheza, mkasi unafanya kazi. Ukilala chini kabisa ilhali prosesa imefika asilimia 80 au 90, video inafunguliwa kwa vidole.

Kwa video za YouTube mnaweza kujua hata mtindo uliotumwa. Bonyezeni kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video na mchague mstari wa takwimu, ambao huwa mwishoni mwa orodha. Katika jedwali litakalojitokeza tafuteni neno “Codecs”. Herufi avc1 maana yake ni H.264, zinazoanza na vp ni VP9, na av01 ni AV1.

Dawa ya kwanza haina gharama, nayo ni kupunguza kiwango cha video. Kompyuta nyingi za bei nafuu zina kioo cha vitone 1366 kwa 768, yaani takribani milioni 1. Kuitumia kioo hicho video ya 1080p ni kulipia vitone milioni 2 na kuonyeshwa milioni 1, huku prosesa ikivihesabu vyote. Chagueni 720p, au 480p kama somo ni mwalimu na ubao tu. YouTube ikishuka chini ya 720p huacha pia kutuma picha 60 kwa sekunde na kutuma zisizozidi 30, hivyo mzigo hupungua kwa njia mbili. Aliyezoea picha kali atanung’unika siku ya kwanza. Hata sisi tulinung’unika.

Halafu kagueni mipangilio ya kivinjari. Katika Chrome na Edge, ndani ya sehemu ya mfumo, pana kitufe cha kuruhusu kifaa cha michoro kusaidia. Katika Firefox kimo katika sehemu ya utendaji ya mipangilio ya jumla. Wapo waliokizima zamani kwa ushauri wa rafiki baada ya kuona kioo cheusi, wakasahau. Kiwasheni, mfunge kivinjari kabisa, kisha mkifungue upya.

Kitufe kikiwa kimewashwa na mkasi bado umelala, shukuni kiendeshi. Hii ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa fulani. Kikikosekana kiendeshi cha michoro, Windows hutumia cha muda, kinachotosha kuonyesha maandishi na picha lakini kisichojua habari za mkasi. Fungueni orodha ya vifaa na mtazame sehemu ya kioo na michoro. Mkikuta jina “Microsoft Basic Display Adapter”, mmempata mwizi. Hayo ndiyo tuliyoyakuta katika kompyuta ya yule binti. Kiendeshi sahihi hupatikana bure katika tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, au kwa kuiachia Windows ijisasishe yenyewe. Msikichukue kutoka tovuti zinazoahidi viendeshi vya kompyuta zote duniani, na asiwalipishe mtu bei ya kifaa kwa kazi ya kupakua faili.

Kuna njia nyingine ambayo mafundi vijana huipenda, ya kuweka katika kivinjari kiongezi kama h264ify, kinachoiambia YouTube itume mtindo wa H.264 tu. Njia hiyo inafaa, na kwa kompyuta kongwe huweza kuleta nafuu kubwa. Lakini inapunguza mzigo wa prosesa kwa kuuongeza mzigo wa data. Anayetumia intaneti ya kulipia kwa mwezi pasipo kikomo hatajali. Anayenunua kifurushi cha siku atashangaa kinakwisha mapema. Kwa maoni yetu, mtu wa kifurushi ashushe kiwango cha video kwanza, kwa sababu njia hiyo huokoa prosesa na data kwa pamoja, na kiongezi kiwe hatua ya baadaye. Nacho kichukuliwe katika duka rasmi la kivinjari, si penginepo.

Kabla ya kuilaumu video, hakikisheni ndiyo yenye kosa. Katika Chrome na Edge za Windows, vitufe vya Shift na Esc vikibonyezwa pamoja huonyesha kila kichupo na kila kiongezi kinatumia prosesa kiasi gani. Katika Firefox andikeni about:processes kwenye upau wa anwani. Huenda mzigo ukatoka kwenye kichupo cha habari mlichokisahau, chenye matangazo yanayochezacheza. Na kwa wanaotafuta mechi za mpira katika tovuti za bure zisizojulikana, tahadhari. Tovuti huweza kuficha ndani ya ukurasa msimbo unaoitumia prosesa ya mtazamaji kuchimba sarafu za mtandaoni kwa faida ya mwingine. Huduma maarufu ya misimbo hiyo, Coinhive, ilianza mwaka 2017 na kufungwa mwaka 2019, lakini hila yenyewe haikufa nayo. Mkiona prosesa inabaki asilimia 100 hata video ikisimamishwa, fungeni ukurasa huo.

Vumbi nalo lisisahaulike. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue, na kazi iliyokuwa ikiiweza jana ikaishinda leo. Kusafishwa feni ni kazi ndogo, na bei yake iwe ndogo.

Ikiwa mmepima yote haya na mkasi unaotakiwa haumo kwenye mashine, basi kununua nyingine ni uamuzi wenu halali. Mkiwa dukani someni namba ya prosesa: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, na i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11. Msiridhike na stika ya i5 au i7 peke yake, kwani haisemi umri. Washeni intaneti ya simu zenu, chezeni video ya 1080p kwa dakika tano mbele ya muuzaji, na mtazame ule mchoro wa “Video Decode”. Muuzaji asiyekubali dakika tano amekwisha kujibu swali lenu.

Fundi naye akisema kifaa kimeharibika, mwombeni awaonyeshe dalili kwenye dirisha hilo kabla ya kukibadilisha, aandike kwenye risiti jina la kifaa na bei yake, na awarudishie kile cha zamani. Pigeni picha ya dirisha kabla na baada ya matengenezo. Mkituletea malalamiko, tutaanza kwa kuuliza risiti na picha hizo. Yule mzazi hakuwa na karatasi yoyote, ila namba ya simu ambayo haikupokelewa. Kompyuta ya binti yake inaonyesha masomo vizuri tangu siku ile, lakini fedha za RAM hatukuweza kumrudishia.