Somo la Redio: Mkimbizi na Mbunge Wetu

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu ya leo: MKIMBIZI, SHERIA, MBUNGE.

Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake ili aokoe roho yake. Watu wa Masasi na Newala wanamjua mtu huyu tangu zamani. Mwaka 1876 Askofu Steere alileta Masasi kundi la watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja. Mwaka 1882 Wangoni waliwavamia. Baadhi yao wakahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao, naye akawapokea.

Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianza Msumbiji. Watu wengi, Wamakonde kwa wingi, wakavuka mto Ruvuma. Wengine walikaa na jamaa zao, wengine wakapelekwa Rutamba, Lindi, wakalima. Wazee husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na wengi wakarudi kwao.

Sasa neno la pili: sheria. Huruma ya jirani ni njema, lakini haifungui mpaka. Mpaka hufunguliwa na kufungwa kwa amri ya serikali, na serikali hufuata sheria zinazotungwa na Bunge. Bunge letu lilitunga sheria ya wakimbizi mwaka 1965, na nyingine mwaka 1998. Tena Tanzania imeridhia Mkataba wa Afrika wa mwaka 1969. Mkataba huo unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yamo hatarini.

Oktoba 2017 mapigano yalianza Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na watu wakakimbilia kwetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema kwamba mwaka huo maelfu yao walirudishwa Msumbiji.

Mtu atauliza, "Je, wakija na wauaji kati yao?" Hofu hiyo si ya bure. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa na watu waliotoka ng'ambo. Basi ni haki kuomba kila anayevuka ahojiwe na kuandikishwa. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni asihukumiwe kwa kosa la yule aliyemchomea nyumba.

Nani atayasema haya? Mkimbizi hana kura hapa. Wewe unayo. Ndiyo maana tunafika kwenye neno la tatu: mbunge. Katiba yetu, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuisimamia serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge anaweza kumwuliza waziri swali, na waziri hulijibu mbele ya Bunge.

Fanyeni hivi. Kwanza, lisemeni jambo katika mkutano wa kijiji, na wenye hofu wasikilizwe pia. Pili, andikeni barua fupi: mmeona nini, wapi, tarehe gani. Msiandike uvumi. Tatu, ombeni jambo moja lililo wazi, kwa mfano: "Tunaomba umwulize Waziri wa Mambo ya Ndani, wanaokimbia vita wanahojiwa wapi kabla ya kurudishwa?" Nne, wekeni sahihi zenu na kubaki na nakala. Tano, mbunge akija jimboni, simameni mkamwulize amefikia wapi.

Mwaka jana labda ulitia dole gumba. Leo unajua kuandika jina lako. Jina hilo chini ya barua laweza kumsemea mtu asiye na sauti.

Maswali ya darasani:
1. Mkimbizi ni nani?
2. Kwa nini huruma peke yake haitoshi?
3. Andikeni pamoja barua ya mistari mitano kwa mbunge wenu.

Kwaherini, hadi somo lijalo.