Undugu na Daftari la Hoteli

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya biashara ya familia. Nami kwa kuwa nimelelewa nyuma ya karai, nitazungumzia hoteli ndogo, ile ya mahamri na mbaazi asubuhi, wali mchana na viazi jioni. Mombasa yetu imejaa hoteli hizi. Ziko zilizosomesha watoto mpaka chuo kikuu, na ziko zilizofungwa, na ndugu hawasemezani mpaka leo. Tofauti yao mara nyingi si mapishi. Ni daftari.

Kwetu mshika daftari alikuwa ami. Mteja akikopa, ami haulizi jina, ataona haya. Huandika anavyomwona: "Kijana wa baiskeli, chai 2." "Mzee wa kofia nyeupe, wali na mchuzi." Basi Ijumaa moja baada ya swala, babangu akasimama mlangoni na daftari amtafute mzee wa kofia nyeupe. Jamani! Barabara nzima ilikuwa ni kofia nyeupe.

Nyanya naye akimwona mtoto apita, humwita ampe hamri. "Huyu ni mwana wetu." Kwa hesabu ya nyanya, mtaa mzima ni wana wetu. Sasa tuseme ni mahamri 20 kwa siku, moja shilingi 10. Hizo ni shilingi 200, na kwa siku 30 ni shilingi 6,000. Hakuna aliyeiba, lakini pesa hazionekani. Baba akamshuku ami, ami akamshuku mpishi, mpishi akamshuku paka.

Ukija mwezi huu mtukufu, kazi ni ya jioni: viazi, bajia, sambusa, kaimati. Siku moja, kwa kuwa wote wamefunga, hapana aliyetaka kuonja. Mama akatia chumvi. Mama mdogo akapita, akatia. Ami, kwa kusaidia tu, naye akatia. Magharibi wateja wakauma viazi, kisha kimya. Siku hiyo tuliuza maji.

Mwacheka, na sisi twacheka leo. Lakini wakati ule muuza unga alikataa kutukopesha, na dadangu akakosa karo ya muhula mzima. Baba na ami, waliokula sinia moja tangu utotoni, wakawa kila mmoja ala kwake. Ukiuliza nani amdai nani, hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna kilichoandikwa.

Ajabu ni kuwa sisi watu wa madrasa hatuna udhuru. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni. Tumeihifadhi kwa moyo, kisha tukifika dukani twasema, "Wewe ni ndugu yangu, tuandikiane nini?"

Kwa hivyo, wewe ambaye wazazi wako wana hoteli, au duka, au meza ya bajia, nakuomba mambo matatu.

Kwanza, deni liandikwe kwa jina kamili, kiasi, tarehe na siku ya kulipa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mdaiwa ana neno jipya: "Nitakutumia." Vizuri, atume, lakini andika.

Pili, kila anayefanya kazi awe na malipo yake yanayojulikana, hata yakiwa kidogo, na anachokula kihesabiwe. Nyanya usimkataze. Mtengee mahamri 10 kila siku awape awatakao. Hiyo sasa ni sadaka inayojulikana, si hasara iliyojificha.

Tatu, kila kazi iwe na mwenyewe. Wa chumvi awe mmoja.

Kwetu daftari alipewa dadangu, na baba na ami wakarudi kwenye sinia moja. Kwa hivyo ndugu yako akikwambia muandikiane, usinune ukadhani hakuamini. Huenda ndiye anayetaka undugu wenu udumu.

Wabillahi tawfiq. Nawatakia futari njema, na chumvi ya kiasi.