Kushirikiana kwa Masharti ya Nani? Mkulima wa Kisesa na Utunzaji wa Mazingira



Katika semina nyingi za mazingira huku kwetu Kanda ya Ziwa, mkulima hutajwa kama mtu wa kuelimishwa ili akubali kushirikiana na wenzake. Mimi sioni hivyo. Vikundi vya kulima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, huku ngoma ya bugobogobo ikirindima, Wasukuma walikuwa navyo kabla mradi wowote haujaletwa. Mkulima wa hapa anajua kushirikiana. Anachouliza ni nani kaweka masharti, na kama masharti hayo yanamfunga kila mtu.

Tukumbuke miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni, kupitia mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza 1947, iliwalazimisha watu kupunguza ng'ombe na kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kitaalamu matuta hayo hayakuwa na ubaya. Hata hivyo yalikuja na faini na amri, watu wakayachukia, na baada ya ghasia za upinzani huko Geita mwaka 1958 ulazimishaji ukakoma. Lakini wakulima hao hao, katika muongo huo huo, waliunganisha vyama vyao vya pamba hadi mwaka 1955 kikazaliwa chama kikuu cha Victoria Federation, kikiongozwa na Paul Bomani. Kwenye mizani ya pamba kila mmoja aliiona faida yake na aliweza kumhoji kiongozi wake. Kwenye matuta hakuwa na wa kumhoji.

Jirani zetu wa Shinyanga wanatupa mfano wa pili. Operesheni Vijiji ya 1974 iliwahamisha watu mbali na ngitili zao, yale malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986 ulikuta nchi imekuwa kama jangwa, na ulifanikiwa pale ulipokubali kusimama juu ya ngitili badala ya kutegemea miche ya kitaluni peke yake. Walioingiza mifugo kinyume cha utaratibu walikutana na dagashida, yaani baraza la kimila, na sungusungu, walinzi wa jadi. Kufikia miaka ya 2000 hekta zaidi ya 300,000 za ngitili zilikuwa zimerudi. Wanaopenda neno "shirikishi" wakumbuke kwamba ngitili nyingi ni za kaya: kila mtu na eneo lake, ila kanuni ya kuliheshimu ni ya wote.

Kisesa ya leo, hapa wilayani Magu, ina ugumu wake. Mji wa Mwanza unatufuata, na barabara ya Usagara–Kisesa imeongeza kasi. Mashamba yanakatwa viwanja, na wenye viwanja wengi hawalimi wala hawafiki mkutanoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa mwenye majaruba machache bondeni, mita 60 huenda ndiyo shamba lote. Ukimwambia aliache, halafu akaona lori la mchanga likitoka katika kijito cha bonde hilo hilo, usitegemee kumwona kwenye kamati yako. Nami simlaumu.

Njia ya kisheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu vijiji jirani kukubaliana matumizi ya ardhi wanayoitegemea pamoja, na maji yanayoshuka toka vilimani kwenda ziwani yanahitaji makubaliano ya namna hiyo. Tatizo liko kwenye sheria ndogo ya kuyatekeleza makubaliano hayo: mkutano mkuu wa kijiji ukishaipitisha, bado inasubiri idhini ya Halmashauri ya Wilaya, na wakati inasubiri hakuna anayeweza kutozwa faini.

Naomba basi semina hii iiombe Halmashauri ya Magu mambo mawili: ijiwekee siku ya mwisho ya kujibu sheria ndogo za vijiji, na kibali cha mchanga au cha ujenzi kando ya kijito kisitolewe kabla mwombaji hajasimama mbele ya mkutano wa kijiji na kuulizwa maswali.