Daktari wa Vijijini Aliyepata Kuwa Waziri



Sisi tukaao Iyunga, kando ya mji wa Mbeya, twawaona kina mama washukao kutoka vijiji vya milimani, mtoto mgonjwa mgongoni, wakitafuta dawa. Mama wa namna hii haulizi jina la waziri. Lakini dawa atakayoipata, au atakayoikosa, imekwisha kuamuliwa na watu walio mbali naye, waketio mezani. Basi leo twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyepata kukaa pande zote mbili: kando ya kitanda cha mgonjwa, na penye meza hiyo. Hakuanza kazi katika nyanda zetu za juu, bali Masasi, kule kusini-mashariki; lakini alipokabidhiwa wizara, zahanati zetu nazo zilikuwa katika dhamana yake.

Huyu ni Dr. Leader Stirling. Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akafika Tanganyika mwaka 1935 kwa misheni ya UMCA, akawekwa Lulindi, wilaya ya Masasi. Wagonjwa walikuwa wengi, na mikono ya daktari ni miwili tu. Kwa hiyo, pamoja na kupasua na kutibu, alifundisha uuguzi wenyeji wa nchi. Mwaka 1949 alihamia Mnero, kwenye hospitali ya Wabenediktini, na baadaye Kibosho, Kilimanjaro.

Mwaka 1958 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiungwa mkono na TANU. Nchi ilipopata uhuru alichagua kuwa raia wake, akaendelea kuwa mbunge. Tangu mwaka 1975 hata 1980 alikuwa Waziri wa Afya. Hesabuni wenyewe: tangu siku alipofika Lulindi hata alipokalia kiti hicho imepita miaka 40. Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Daktari huyu mvua ya vijijini ilimnyea sana kabla hajaitolea hotuba.

Miaka ile serikali ilikuwa imekaza nia kupeleka zahanati na vituo vya afya vijijini, badala ya kumaliza fedha katika hospitali kubwa za mijini. Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza mwaka 1975. Na mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan, yakakubaliana ya kuwa afya ya watu wote yaanzia huduma ya msingi, karibu na makao yao. Neno hilo mataifa mengi waliliona jipya. Muuguzi wa Lulindi asingeliona hivyo.

Wala tusiseme kana kwamba mambo yote yalinyooka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi, uchumi ukadhoofika, na zahanati nyingi zilibaki na kuta na mhudumu, lakini rafu zake hazina dawa. Jambo hilo lilikuwa zito kuliko nguvu za waziri mmoja, ajapokuwa daktari. Nyumba hujengwa mara moja. Dawa hutakiwa kila mwezi.

Dr. Stirling alifariki mwaka 2003. Alituachia kipimo ambacho twaweza kukitumia hapa Iyunga, kila atakapoletwa kwetu kiongozi wa afya. Tusimwulize kwanza vyeo alivyowahi kushika. Tumwulize: Umekaa wapi na wagonjwa? Umemfundisha nani kazi yako, ili uondokapo isife? Na yule mama wa mlimani afikapo zahanati, atakuta nini rafuni?

Akijibu vema maswali hayo matatu, tumpe kiti, nasi tumsaidie. Asipoweza kuyajibu, basi aende kwanza akanyeshewe.