Jamaa ya Kikristu na Mizigo ya Siku Hizi

Hotuba ya mama mmoja wa parokia, mbele ya wakristu na wageni, siku ya yubilei



Padri Paroko ameniomba niseme neno kwa jina la wamama wakatoliki, juu ya imani na maisha ya jamaa. Wengine watawasimulia habari za majengo, za mapadri waliotutangulia, na hesabu ya wabatizwa. Ni habari njema, nasi tunazifurahia. Lakini mama huijua parokia kwa mlango mwingine, yaani mlango wa jikoni, na mimi nitapita humo.

Wengi wetu hapa ni wana wa kazi. Babu zetu walikuja Katanga juu ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, nayo mwanzoni ilitaka wanaume peke yao, wafanye kazi miezi michache kisha warudi vijijini. Ni katika miaka ya 1920 ndipo ilipoanza kuwapokea kambini pamoja na bibi na watoto. Haikufanya hivyo kwa mapendo, ilifanya kwa hesabu, maana mfanyakazi mwenye bibi hakukimbia upesi. Hata hivyo Mungu hupita hata katika hesabu za watu. Humo kambini Waluba na Wabemba, Walunda na Wasanga, waligawana posho na bomba moja la maji, wakajifunza Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho wakajifunza kusali. Mimi mwenyewe sijui kusali Baba Yetu kwa lugha ya nyanya yangu, na sidhani kwamba Mungu ananilaumu.

Ndipo katika miaka ya 1950, huko Kolwezi, ilipozaliwa Jamaa ya Padri Placide Tempels, Mfransisko. Wazee walio mbele yangu wanayakumbuka maneno yake matatu: uzima, uzazi, mapendo. Maneno hayo hayakuwa mageni kwetu. Jambo jipya lilikuwa kwamba bwana na bibi waliketi pamoja wakasemezana, bwana akatoa mawazo yake, na bibi akamjibu pasipo kuogopa. Wakati ule nyumba ambamo bwana alikula meza moja na bibi yake ilitazamwa kama ajabu. Najua kwamba baadaye yalitokea mabishano, na maaskofu wakapaswa kusahihisha mengi. Sitaingia katika mambo hayo, kwa maana wako hapa mapadri wenye elimu kunipita. Nasema tu kwamba kile kiti cha pili mezani, tusikiondoe tena.

Siku za taabu hazikukawia. Mwaka 1972 Serikali ilikataza majina ya kikristu. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku kuu za nchi, na mwisho wa mwaka ule shule zetu zikachukuliwa, hata ziliporudishwa mwaka 1977. Ni nani aliyeilinda imani wakati ule? Mapadri waliilinda, hakika. Lakini jioni, mlango ukiisha kufungwa, ni mama aliyemwita mtoto kwa jina lake la ubatizo ili aje kula. Leo hakuna anayetukataza jina la mtakatifu yeyote, nasi tunawapa watoto majina ya waimbaji na wacheza mpira. Nawaachia ninyi wenyewe kupima jambo hilo.

Kisha kazi ikaanguka. Miaka ya 1990 ilikuwa miaka ya mishahara isiyolipwa na posho isiyofika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière waliondoka kazini kwa mara moja, kila mmoja na bahasha yake ya mwisho. Tangu hapo nyumba nyingi zimesimama juu ya kichwa cha mama, kwa unga, kwa makala, kwa mafuta ya ngazi yanayopimwa kwa chupa. Wamama, mnajua ninayosema. Mnajua pia kwamba mama anayeleta unga nyumbani hushawishiwa kuleta na dharau. Baba asiye na mshahara ni baba bado. Tukimtukana mbele ya watoto, watoto hawatamheshimu tena baba yeyote, hata yule wa mbinguni watamwita kwa midomo tu.

Sasa nafika penye kidonda. Nasema juu ya mali ya ndoa. Zamani mali ilikuwa neno kati ya koo mbili: jembe, mbuzi, kitu cha kuonyesha kwamba binti hakuokotwa njiani. Siku hizi kijana anapewa barua ndefu: dolari kadhaa, mbuzi kadhaa, suti ya baba, vikwembe vya mama na vya shangazi, viatu vya wajomba, na telefoni ya kaka ambaye hata hakumlea binti huyo. Kijana anaisoma barua, anaikunja, anakwenda zake. Baada ya miezi michache binti anamfuata, na wanakaa pamoja bila baraka ya ukoo na bila sakramenti. Miaka kumi baadaye wana watoto wanne. Mama huyo huja misa kila Dominika, anaimba katika kwaya, anafagia kanisa, na saa ya komunio anabaki kwenye benchi, akitazama chini. Mtoto wake anamwuliza: « Mama, kwa nini wewe hauendi? » Wapendwa, ni nani aliyemzuia njia ya altare? Si shetani peke yake. Ile barua pia ilimzuia.

Wengine husema: ni sheria. Ndiyo, Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inataka mali ya ndoa itolewe. Lakini sheria hiyohiyo inakubali kuadhimisha ndoa ikiwa imetolewa hata kwa sehemu. Serikali, ambayo hatuisifu kwa huruma, imekuwa na huruma kuliko wajomba! Nawaomba wababa wa parokia hii, ninyi mnaoketi mbele katika mikutano ya ukoo, muwe wa kwanza kufupisha barua. Na tukumbuke Mwenye Heri Anuarite, aliyetangazwa hapa nchini na Papa Yohane Paulo II tarehe 15 Agosti 1985. Mama yake alifukuzwa na bwana wake kwa sababu alizaa wasichana tu. Katika wale wasichana waliohesabiwa kuwa hasara, Mungu alijichagulia shahidi.

Kuna neno jingine, nalo ni zito zaidi. Njaa ikiingia nyumbani, au ugonjwa, au kifo, watu hutafuta mwenye kosa, na mara nyingi wanamwona katika mtoto. Kwa kawaida si mtoto wa mama mwenye nyumba. Ni yatima, ni mtoto wa bibi wa kwanza, ni yule anayekojoa kitandani au anayeongea usiku. Anapelekwa katika nyumba fulani za maombi, anafungwa siku tatu bila chakula, anapigwa mpaka akubali kwamba ni mchawi. Na mtoto mwenye njaa atakubali lolote. Kisha anatupwa sokoni. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuwasingizia watoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Lakini polisi haingii vyumbani mwetu. Sisi tunaingia. Mara nyingine ni mkristu wa mashirika yetu, mwenye rozari mkononi, anayemshika mtoto mkono na kumpeleka kule.

Wamama wenzangu, ubatizo tuliomwombea mtoto huyo ulikuwa wa kweli au wa mchezo? Ikiwa ulikuwa wa kweli, alitolewa mikononi mwa shetani siku ile, na jirani hana ruhusa ya kumrudisha.

Kwa hiyo wamama wa parokia wamekubaliana hivi. Kila Alhamisi, misa ya asubuhi ikiisha, wawili kati yetu wanakaa katika chumba cha katekisimu. Mwenye mtoto anayesingiziwa amlete kwetu kabla ya kumpeleka mahali pengine popote. Kuna uji, kuna sabuni, na kuna masista wauguzi wanaojua kwamba mtoto mwenye kifafa anahitaji dawa. Na yeyote mwenye barua ya mali iliyomshinda, aje nayo pia. Tutakwenda pamoja naye kwa wajomba, wazee wawili na wamama wawili, tukasemezane nao. Mapadri wageni, kama jambo hili linafaa parokia zenu, lichukueni bila malipo.

Chumba hicho ni kile cha mwisho, nyuma ya sakristia, na mlango wake ni wa rangi ya buluu.