Nyumba Karibu na Shule Nzuri: Tunanunua Nini, na Tunauza Nini?

(Mada iliyotolewa na idara ya maendeleo mbele ya kamati za parokia za Bukoba na Muleba pamoja na wafadhili)



Tunapotembelea jumuiya ndogondogo za Kikristo huko Kamachumu, Nshamba, Rubya na Muhutwe, kuna swali ambalo wazazi hutuuliza mara kwa mara baada ya sala: "Je, tuuze kibanja tukanunue nyumba Bukoba mjini, ili watoto wawe karibu na shule nzuri?" Hili si swali la tamaa. Ni swali la baba na mama wanaotaka mtoto wao apate kilicho bora kuliko walichopata wao. Kwa hiyo tumeona vema leo tulijadili kwa utulivu, tukianza na historia, kisha shule, kisha kibanja, na mwisho utaratibu wa kununua.

Sifa ya shule zetu ilitoka wapi

Mji wa Bukoba ulianza kama kituo cha Wajerumani, kilichoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Miaka miwili baadaye, mwaka 1892, Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, walifungua misheni ya Kashozi. Ndugu zetu Walutheri nao walipata wamisionari wao wa Betheli mwaka 1910. Kila palipojengwa kanisa, darasa lilifuata. Ndiyo maana ukiwa Bukoba leo unaona shule zenye majina makubwa juu ya vilima na kandokando ya mji, na viwanja vya jirani nazo vikitafutwa na watumishi, wafanyabiashara na watoto wetu walioko Dar es Salaam na ng'ambo.

Lakini tusisahau nani alilipa. Shule hizo hazikujengwa na watu waliokuja kununua nyumba jirani nazo. Zilijengwa kwa nguvu za waumini waliobeba mawe na matofali, na ada ikalipwa kwa kahawa iliyochumwa katika vibanja vya vijijini. Mzee aliyeuza magunia yake kwa chama cha ushirika alikuwa anasomesha, hata kama yeye mwenyewe hakujua kusoma. Kibanja kilikuwa ndicho mfuko wa elimu.

Anwani hainunui dawati

Baadhi ya wafadhili wetu wanatoka Marekani na Uingereza. Kwao suala hili linaeleweka haraka, kwa sababu huko mahali unapoishi huamua kwa kiasi kikubwa shule ya serikali atakayosoma mtoto. Nchini Marekani sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ya eneo husika, na nchini Uingereza umbali kutoka nyumbani hadi shuleni mara nyingi hutumika kugawa nafasi. Matokeo yake ni kwamba nyumba katika mtaa wa zamani wenye shule nzuri huwa na bei kubwa kuliko nyumba kama hiyo kilomita chache tu mbele. Mzazi ananunua kuta, paa na dawati kwa pamoja.

Hapa kwetu utaratibu ni tofauti, na tunaomba kila mjumbe aende kuueleza katika kigango chake. Shule za bweni za serikali kama Ihungo na Rugambwa, ambazo ndizo zinazotajwa zaidi, hupokea wanafunzi waliochaguliwa kwa matokeo ya mitihani kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Mtoto wa kibarua kutoka Biharamulo akifaulu ataingia. Mtoto wa mwenye nyumba anayelala akisikia kengele ya shule hiyo, asipofaulu, hataingia. Shule za binafsi na za dini nazo hutazama mtihani wa kujiunga na uwezo wa kulipa ada. Mahali unapoishi panahesabika zaidi katika shule ya msingi na katika sekondari ya kata.

Kwa hiyo aliyeuza kibanja Kamachumu akanunua nyumba chini ya kilima cha shule maarufu amenunua nyumba. Hajanunua nafasi ya shule. Hatusemi nyumba hiyo haina faida. Mtoto wa kutwa atatembea kidogo, atapata umeme wa kujisomea, na msichana hatalazimika kupanga chumba peke yake mitaani. Hizo ni faida za kweli. Ila zipimwe kwa bei ya kile kinachouzwa.

Kibanja ni zaidi ya shamba

Kwa wageni wetu tufafanue kidogo. Kibanja cha Mhaya ni nyumba, migomba, mikahawa, maharage katikati yake, na mara nyingi makaburi ya wazazi. Kinalisha familia mwaka mzima. Mkoa wetu umepata mapigo mengi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka ya 2000 mnyauko wa migomba ukaingia. Katika mapigo yote hayo, wajane na yatima waliobaki na kibanja walikuwa na pa kuanzia. Walionyang'anywa walianza na mikono mitupu. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena kibanja kina watu wengi ndani yake kuliko jina la anayeuza. Tuchukue kesi inayojulikana nchi nzima, na ambayo ilianzia hapa hapa Muleba. Mwaka 1988 Holaria Pastory, mama wa Kihaya, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumtunza. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa wa ukoo. Mmoja wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha akisema kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ilikubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inambagua mwanamke na inapingana na haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanaume.

Wengi huishia hapo wanaposimulia, lakini kuna sehemu ya pili inayomhusu mnunuzi. Kwa kuwa ukoo haukuwa umeridhia, Jaji aliupa nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha zile shilingi 300,000 ndani ya miezi sita. Wakishindwa, liwe la mnunuzi moja kwa moja. Maana yake ni kwamba mnunuzi alikaa bila uhakika tangu siku aliyotoa fedha. Hukumu hiyo inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: haki ya mama haipingwi, na anayenunua bila kuwaita wahusika wote ananunua kesi.

Kununua mbele ya mashahidi

Maandiko Matakatifu hayakulichukulia jambo hili kama dogo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, Ibrahimu alipewa pango la Makpela bure kwa maneno matamu, akakataa. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu waliokuwa langoni mwa mji, ndipo akamzika Sara. Naye Yeremia, sura ya 32, alinunua shamba la ndugu yake kwa shekeli 17 wakati mji umezingirwa na adui. Akaandika hati, akaweka mashahidi, nakala zikahifadhiwa katika chombo cha udongo zidumu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa sheria za nchi yetu, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na sisi tuna haki ya kuimiliki na kuitumia. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kutokana nazo tunasisitiza yafuatayo:

1. Kibanja kikiuzwa kijijini, Halmashauri ya Kijiji ihusishwe. Mapatano ya usiku baina ya watu wawili na karatasi ya daftari hayatoshi.

2. Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo. Ridhaa iwe ya maandishi, na mama asisainishwe asichosomewa.

3. Mjini, kabla ya kulipa hata nusu ya bei, nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe hati ni ya nani, ina miaka mingapi iliyobaki, na kama imewekwa rehani benki. Barua ya serikali ya mtaa inasaidia kumtambua muuzaji. Si hati miliki.

4. Kagua nyumba yenyewe. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu mjini Bukoba, likabomoa nyumba nyingi na kuharibu hata majengo ya Ihungo, ambayo yalijengwa upya kwa msaada wa serikali ya Uingereza. Ufa uliopakwa rangi bado ni ufa. Na kwa maeneo ya bondeni, uliza wenyeji Mto Kanoni hufika wapi mvua za masika zikizidi.

5. Hati mpya iandikwe majina ya mume na mke. Familia ikiuza kibanja cha wote na kununua nyumba ya mmoja, siku baba akifa mama anaweza kujikuta hana kijijini wala mjini. Hapa ndipo tunapoona hatari kubwa kuliko zote, na tunaomba kila kamati iuone uzito wake.

Tunachopendekeza

Kwa kamati za parokia: familia ikija kuomba ushauri, iulizwe maswali matatu. Je, mtoto tayari amepata nafasi katika shule hiyo? Je, mke na watoto wakubwa wameshirikishwa? Je, inawezekana kupanga nyumba kwa miaka ya masomo na kubaki na kibanja? Mara nyingi swali la tatu hufungua mlango ambao familia haikuuona, kwa sababu kodi ya nyumba huisha mtoto anapomaliza shule, lakini kibanja kilichouzwa hakirudi. Kamati isiwe dalali, wala isipokee chochote kutoka kwa muuzaji au mnunuzi. Kazi yake ni kuwa shahidi mwaminifu.

Kwa wafadhili: tunajua wapo wenye moyo wa kumnunulia mtoto wanayemsomesha nyumba karibu na shule. Tunashukuru kwa wema huo. Lakini sheria hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kutumia jina la mwenyeji kwa siri huzaa ugomvi. Tunawaomba fedha hizo zielekezwe kwenye mabweni ya wasichana katika sekondari za kata. Kutoka Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne katika shule za serikali, lakini umbali haukufutwa. Msichana anayetembea saa mbili, au anayepanga chumba kwenye geto akiwa na miaka 14, anahitaji kitanda salama shuleni. Bweni moja linawasaidia wengi, na wazazi wao wanabaki na vibanja vyao.

Ndugu wajumbe, wazee wetu hawakuhamia kwenye shule nzuri. Waliileta shule nzuri karibu na vibanja vyao, kwa kahawa yao na mikono yao. Aliye na uwezo wa kununua nyumba mjini anunue, kwa haki na kwa maandishi, na Mungu ambariki. Asiye na uwezo asiambiwe kwamba hampendi mtoto wake. Tukiimarisha shule ya kata iliyo hatua chache kutoka kanisani kwetu, hata mtoto wake atakuwa anaishi karibu na shule nzuri.