Chuo cha Kiungani na Kazi Yake

Leo twapenda kuwapasha habari za chuo kimoja kidogo kilichokuwako Unguja, nje ya mji, upande wa kusini, karibu na bahari. Jina lake lilikuwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, lakini watu walikiita Kiungani, kwa kuwa kiunga ni shamba au bustani iliyo pembezoni mwa mji. Chuo hicho hakikuwa na wanafunzi wengi, wala hakikudumu hata miaka sitini mahali pale. Walakini walimu wake walienea toka Unguja hata Usambara, na toka Ruvuma hata ziwa la Nyasa, na Kiswahili tunachokiandika hivi leo kina alama ya kazi yao.

Twataka kuuliza swali moja: chuo ni cha nini? Wako wanaosema ni cha kumpatia mtu cheo, na wako wanaosema ni cha kumpatia mshahara. Haya si maneno ya kudharauliwa, maana kila mtu hupenda kula na kuvaa. Lakini wanafunzi wa kwanza wa Kiungani walikuwa watoto walionyang'anywa kila kitu. Hawakuwa na baba wala mama, hawakujua njia ya kwao, na wengi wao hawakuweza hata kusemezana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha yake. Basi kama twataka kujua elimu yaweza kumfanyia mtu nini, yafaa tuwatazame hao.

Mwanzo wa habari ni mwaka wa 1857, Dr. Livingstone alipohutubia watu wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, akawaambia habari za Afrika na za biashara ya watumwa. Baada ya hotuba hiyo ikaundwa misheni iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, akaenda nchi ya Shire mwaka wa 1861, naye akafa mwaka uliofuata, na baadhi ya wenzake wakafa pia. Ndipo askofu wa pili, Tozer, pamoja na rafiki yake Dr. Edward Steere, walipoona heri waanzie Unguja. Wakafika Agosti 1864.

Kwa nini Unguja? Kwa sababu njia za misafara ya bara ziliishia pwani, na mbele ya pwani ni Unguja. Na mjini Unguja palikuwa na soko la watumwa. Mtu aliyesimama sokoni pale aliweza kusikia lugha za Wayao, Wanyasa, Wamakua na za makabila mengine mengi. Huzuni yote ya bara ilikusanyika pale kama maji ya mvua bondeni.

Mwaka ule ule Sultani Sayyid Majid bin Said aliwapa wageni hao wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Watano tu! Hao ndio waliokuwa mwanzo wa chuo. Baadaye manowari za Kiingereza zikakamata majahazi mengine, na watoto wakaongezeka. Misheni ikapata mahali Kiungani, na chuo kikasimama mwaka wa 1869. Hakikupata raha upesi. Aprili 1872 ilivuma tufani kubwa Unguja, ikang'oa minazi na mikarafuu, ikabomoa nyumba, na Kiungani nako kukaharibika. Wakajenga tena.

Sasa, ndugu zetu, fikirini kazi ya mwalimu katika darasa la namna ile. Mtoto mmoja ni Myao, wa pili Mmakua, wa tatu ametoka ng'ambo ya Nyasa. Wote wamezoea kuogopa. Mwalimu mwenyewe ni mgeni kuliko wote. Awafundishe kwa lugha gani? Dr. Steere aliona ya kuwa lugha ni Kiswahili, naye kwanza alijifunza mwenyewe kabla ya kufundisha. Aliketi na watu wa mji wenye elimu na wenye hadithi, Waislamu, akawasikiliza na kuandika. Kwa msaada wao alipiga chapa, mwaka wa 1870, kitabu cha sarufi na maneno ya Kiswahili, na mwaka huo huo kitabu cha hadithi za Unguja. Baadaye, akiwa askofu tangu 1874, akaendelea na kazi ya kufasiri Maandiko mpaka alipokufa Agosti 1882. Yafaa tukumbuke jambo hili: kazi ya chuo cha Kikristo ilisimama juu ya ulimi na ukarimu wa watu wa kisiwa cha Waislamu. Watu wa kisiwa walikuwa na vyuo vyao vya Kurani na elimu yao ya zamani. Si wengi walioleta watoto wao Kiungani. Lakini lugha yao waliitoa, na lugha haipungui kwa kutolewa.

Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na wavulana walifundishwa kupanga herufi, kupaka wino, na kukunja karatasi. Hivyo mtoto aliyekuwa ameuzwa kama mzigo alijifunza kushika maneno mkononi mwake, herufi moja moja, akayapanga yawe habari.

Tena hawakupiga chapa maneno ya wengine tu. Mwalimu mmoja wao, A. C. Madan, yule aliyetunga kamusi za Kiswahili, aliwaambia wavulana waandike habari zao wenyewe: walizaliwa wapi, walitekwaje, walipita njia gani, waliuzwa mara ngapi. Wakaandika kwa Kiswahili, naye akazifasiri kwa Kiingereza, zikatoka katika kitabu mwaka wa 1887. Twaona hapo ndipo ilipo kazi ya elimu. Mfanya biashara alimwita mtoto kwa bei yake. Nahodha alimhesabu katika shehena. Lakini mtoto alipopata kalamu alisema: mimi nalikuwa na mama, nyumba yetu ilikuwa karibu na mto, nami nakumbuka. Hakuna sheria iwezayo kumrudishia mtu neno la namna hiyo. Sharti ajifunze kulisema mwenyewe.

Mwaka wa 1888 likaanza gazeti lao, jina lake Msimulizi, lililopigwa chapa pale pale chuoni. Walimu waliotoka Kiungani waliandika kutoka vituo vyao vya mbali, wakapeana habari za shule, za safari, za njaa na za vita. Lilikuwa mojawapo la magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, na waandishi wake walikuwa Waafrika.

Je, hao walimu walikuwa nani? John Swedi alikuwa mmoja wa wale wavulana watano. Alikwenda bara pamoja na msafara uliofanya kituo cha Masasi mwaka wa 1876, na mwaka wa 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa, Myao, aliyekuwa mtumwa utotoni, alifanywa padre mwaka wa 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata daraja hiyo, akafanya kazi miaka mingi Chitangali, katika nchi ya Wayao. Yohana Abdallah naye alikuwa padre, akaandika kwa Kiyao habari za kale za kabila lake, kikapigwa chapa mwaka wa 1919. Leonard Kamungu alitoka Nyasa, akasoma Kiungani, akaenda kufundisha mpaka nchi iitwayo sasa Zambia, akafa huko mwaka wa 1913. Martin Kayamba, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1891, alifungwa na Wajerumani wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka wa 1922 alikuwa mbele katika kuanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga.

Wala tusiwasahau wanawake. Kule Mbweni, kusini zaidi ya Kiungani, palikuwa na kijiji cha watu waliofunguliwa na shule ya wasichana, ambayo Miss Caroline Thackeray aliitumikia tangu mwaka wa 1877. Wasichana wa Mbweni waliolewa na walimu wengi wa Kiungani, wakafuatana nao bara, na wengine wakafundisha shule wao wenyewe. Shule nyingi za vijijini zilisimama kwa watu wawili, ingawa mara nyingi jina lililoandikwa ni moja.

Si vema kusifu tu. Mtoto aliyetolewa katika jahazi hakuulizwa ataka kwenda wapi. Wengi hawakuona tena kwao. Aliyekuwa hodari wa vitabu alifanywa mwalimu, na wengine wakapewa kazi za mikono, na shauri hilo lilikatwa na wakubwa. Tena kufunguliwa hakukuwa salama. Mwaka wa 1882 Wangoni waliishambulia Masasi, na baadhi ya watu waliokwisha kufunguliwa wakatekwa mara ya pili. Tukisoma habari hizi tusidhani ya kuwa wema wa mtu mmoja hufuta mara moja ubaya uliofanywa na wengi.

Chuo chenyewe kilihama. Frank Weston, aliyekuwa mkuu wake tangu 1901 na askofu tangu 1908, alikufa mwaka wa 1924. Na mwaka wa 1925 Chuo cha Mtakatifu Andrea kikaanza upya Minaki, karibu na Kisarawe, bara ya Dar es Salaam. Baadaye, shule za misheni zilipochukuliwa na Serikali ya Tanzania kwa Sheria ya Elimu ya 1969, Minaki ikawa shule ya Serikali, nayo yafundisha hata leo watoto wa dini zote. Huko Unguja kanisa kuu la Mkunazini lasimama mahali pa soko la watumwa lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na Mbweni yako magofu ya shule ya wasichana. Tena mwaka wa 1928, wajumbe wa serikali za Afrika Mashariki walipokutana Mombasa, Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule zote. Vitabu vilivyotoka katika mtambo wa misheni vilikuwa vimekwisha kutengeneza njia.

Basi turudi kwa swali letu: chuo ni cha nini? Kiungani hakikuweza kumrudishia mtoto baba yake wala mto wa kwao. Kilimpa lugha ya kusema na wenzake, na kalamu ya kuandika habari zake, kisha kikamtuma akawape wengine. Chuo hakipimwi kwa ukubwa wa nyumba zake. Kipimeni kwa watu waliofundishwa na wanafunzi wake, na kwa wale waliofundishwa na hao tena.

Ninyi wanafunzi mnaosikiliza, sisi walimu twawapa kazi moja. Nendeni kwa mzee mmoja wa kijiji chenu, mwamkieni kwa adabu, mkamwulize watu wake walitoka wapi, na kwa nini walihama. Andikeni maneno yake kwa Kiswahili chepesi, bila kuongeza wala kupunguza, mkatie mwaka na mahali. Kisha msomeeni, asahihishe. Wavulana wa Kiungani walifanya kazi hiyo wakiwa hawana hata mzee mmoja wa kumwuliza. Walikuwa na kumbukumbu zao tu. Ninyi wazee mnao. Msingoje.

Kwa herini.